Siku Tulipouvunja Mchakamchaka

Walimu wangu vijana, nyinyi mliopangiwa shule yetu juzijuzi na bado mnalalamikia tope la Izigo, kaeni niwaambie jambo. Mmoja wenu alinisimamisha njiani akaniuliza, kwa adabu kabisa, mchakamchaka, huku kuwakimbiza watoto asubuhi wakiimba, ni nini hasa. Ni adhabu, ni mchezo, au ni mbinu tu ya kuwapasha watoto joto wasisinzie darasani? Nilimjibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na mkungu wa ndizi begani, na mtu mwenye mkungu begani hatoi mhadhara. Tangu siku ile swali linanikera. Nimefundisha michezo hapa mpaka nywele zikabadilika rangi, hakuna aliyeniuliza. Nimestaafu ndipo naulizwa. Basi mtanivumilia nikijibu kwa kirefu.

Jibu lenyewe sikulipata shuleni. Nililipata nikiwa nimeshastaafu, asubuhi ile ya masika tulipombeba Adventina kwenye machela akitokwa na damu, na mtoto bado yumo tumboni. Nitafika huko. Mzee akikumbuka hapiti njia iliyonyooka, na mimi sina haraka ya kwenda popote.

Neno mnalijua, na watu wanalitumia watakavyo. Mama mwenye wageni wengi atawaambia leo jikoni amepelekwa mchakamchaka. Mtangazaji wa mpira redioni anasema timu fulani imewapeleka wenzao mchakamchaka. Wanasiasa wanakuja kututangazia mchakamchaka wa maendeleo, halafu wanapanda gari na kufunga vioo. Mwanangu anakaa Bukoba mjini, kule Kahororo, na kila nikimuuliza lini atakuja kuniona ananiambia, "Baba, maisha ya huku ni mchakamchaka." Wote wanamaanisha haraka na kuhangaishwa. Mimi moyoni nakataa kabisa. Anayetaka haraka na akimbie peke yake. Mchakamchaka mwendo wake ni wa yule mtoto mwenye miguu mifupi kuliko wote, na wengine mnamfuata yeye.

Hilo nalo nilifundishwa kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliwapanga wavulana wenye mbio mbele, nikaona nimefanya la maana. Tulitoka shuleni mstari mmoja, na kabla hatujafika kilima cha pili tulikuwa vipande vipande. Wa mbele walifika barabara ya ziwani wakaendelea tu, maana hakuna aliyewaambia wageuke. Wa kati walipotea kwenye migomba ya watu. Wa nyuma niliwakuta wamekaa kwenye kibanja cha mzee mmoja wanakula mapera, na mzee mwenyewe anawachumia. Kipindi cha kwanza kilipita, cha pili kikapita, bado natafuta watoto vibanjani nikiita majina.

Niliporudi, Mwalimu Theonestina alikuwa amesimama mlangoni. Huyu alihamia kwetu kutoka Izimbya, mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyekuwa mwalimu wa michezo kabla yangu. Sikuwahi kumwona akikimbia hata siku moja. Alikuwa anatembea nyuma ya watoto, kitenge kiunoni, macho ameyafumba nusu. Nilidhani amechoka, kumbe alikuwa anasikiliza. Aliniambia nisihangaike kutazama miguu ya watoto, nisikilize kiitikio. Kiitikio kikinenepa, wote wapo. Kikianza kukonda, kuna mtoto huko katikati ameishiwa pumzi na anaona aibu kusema, basi punguza mwendo kabla hajaanguka.

Mengine aliyonipa nawapa na nyinyi bure. Wadogo wakae mbele. Mwimbishaji akae katikati, wa mbele na wa nyuma wamsikie sawasawa. Mlimani imbeni nyimbo za maneno mafupi, kwa sababu mtoto anayepanda hana pumzi ya maneno marefu. Kwenye tope fupisheni hatua. Na kwa jina la Mungu msipite walikoanika kahawa. Mimi nilipita mara moja, watoto wakakanyaga mikeka ya mama mmoja, na kwa muda mrefu sana mama yule alikuwa akiniona kanisani anahama benchi.

Lakini asubuhi zenyewe, jamani. Hizo siwezi kuwafundisha. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani na kujaa kwenye migomba mpaka usione mkono wako. Nilikuwa nawatanguliza watoto, halafu nasimama peke yangu kwenye njia panda nikiwasubiri wazunguke. Kimya. Maji yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Kama ni msimu wa maua ya kahawa, harufu yake inakujia usijue inatoka upande gani. Halafu, mbali sana, unasikia wimbo. Huwaoni watoto, unasikia wimbo tu unakuja, na chini yake miguu, puu, puu, puu, miguu mingi sana inayotua mara moja. Kuna siku nilisimama pale nikajiuliza kama kweli nimeamka au bado nimelala nyumbani. Nilikuwa mtu mwenye furaha asubuhi zile, na sikuwa na wa kumwambia.

Msimu wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ndio ulikuwa balaa. Mkiingia mwezi wa senene bila mpango mtajuta. Siku moja tulikuwa tunashuka kwenye uwanda wa nyasi, wimbo umekolea, mara kiitikio kikakatika kabisa. Nikaogopa, nikakimbilia mbele. Nawakuta watoto wote wamepiga magoti, senene wametanda kwenye nyasi zenye umande, wabichi, wamelowa, hawawezi kuruka. Mashati yamevuliwa yamekuwa mifuko. Nikapiga filimbi, hakuna aliyeinua kichwa. Nikageuka kumtafuta mwalimu mkuu anisaidie kuwarudisha mstarini. Alikuwa ameshaweka fimbo chini, na kofia yake imejaa.

Sasa Adventina. Alikuja kwetu mdogo, mwembamba, na sauti kubwa kuliko mwili wake, tukamfanya mwimbishaji. Mtoto yule aliweza kuimbisha shule nzima kwa kumsifia tu mpishi wa uji. Ila alikuwa mtundu. Tukifika mteremkoni, wote tumekolea, yeye anabadilisha wimbo ghafla, anachomeka wa ngoma ya harusi wenye mapigo mengine kabisa. Mstari mzima unajikwaa, watoto wanaangukiana, yeye anacheka mpaka anakaa chini. Nilimwadhibu mara nyingi kwa kumtuma maji. Theonestina aliniambia nimwache, maana anayejua kuvuruga mstari anaujua kuliko mwalimu wake. Nilimwona mama huyu anamdekeza tu.

Miaka ikaenda. Theonestina alifariki, tukamzika. Nikastaafu. Adventina aliolewa hapahapa na Novatus, fundi seremala, naye nilimfundisha. Walipendana, na hilo halikuwa siri kijijini, lakini kila mimba aliyobeba ilikuwa inatoka kabla ya wakati. Mkewe akipita na uso ule wa kutotaka kuulizwa, Novatus alikuwa anaingia karakanani na kupiga randa mbao ambayo haikuhitaji kupigwa. Kisha ikaja mimba hii, nayo ikakaa. Kanisani tukawa tunamtazama Adventina kwa pembeni, tunaogopa hata kufurahi mapema.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilikuwa naota moto jikoni nikasikia yowe. Hapa kwetu yowe likipigwa unaacha ulichoshika, na kila nyumba inatoa mtu. Nilipofika kwa Novatus, machela ya chama chetu cha kuzikana ilikuwa imeshaletwa, ile ya miti miwili mirefu na magunia yaliyoshonwa katikati. Muuguzi wa zahanati alikuwa anamfunika Adventina kwa blanketi. Damu ilikuwa imeanza alfajiri. Gari la hospitali lilikuwa limefika barabara ya lami, lakini kijito kilikuwa kimebeba daraja, na pikipiki kwa tope lile hata isingepanda. Ilikuwa lazima abebwe kilima chote mpaka chini, kuvuka kijito, mpaka kwenye gari.

Muuguzi alitugeukia sote. Alikuwa binti mdogo tu, lakini siku ile hatukumwona mdogo.

"Abebwe amelala, na asitikiswe," alisema. "Mkimtikisa, tunawapoteza wote wawili."

Wanne waliingia kwenye miti, Novatus mbele kushoto, Justinian mkulima jirani yake mbele kulia, na wengine wawili nyuma. Waliobaki walifuata kupokezana. Nikawaangalia, wanaume kwa wanawake, sikuona hata mmoja ambaye hakuwahi kupita mikononi mwangu. Tukaanza kushuka ndani ya ukungu, tukiwa na hofu. Na mtu mwenye hofu anafanya nini? Anafanya alichozoea. Huko nyuma mmoja akaanza taratibu wimbo wa shuleni, ili atutie moyo. Wenzake wakaitikia. Na miguu yote ikatua pamoja.

Nisiwafiche, nilisisimka. Nilisikia puu, puu, puu kwenye ukungu, nikasema hawa ni watoto wangu kweli. Halafu nikaiona machela. Kila hatua ilikuwa inainuka nzima na kushuka nzima, kama ungo mikononi mwa mama anayepepeta. Wabebaji wanne wakitua mara moja, uzito wote unatua mara moja. Adventina alikuwa anarushwa. Alikuwa ameuma kona ya blanketi, na muuguzi anatupigia kelele tusimame.

Niliwaamuru wanyamaze, wakanyamaza mara moja. Lakini miguu haikunyamaza. Iliendelea vilevile, kimya, pamoja. Nikamwambia Novatus aanze na mguu wa kushoto, Justinian na wa kulia. Walifanya hivyo kwa muda mfupi, kisha taratibu, bila wao kujua, wakarudi kuwa kitu kimoja. Nikawafokea. Novatus alinigeuzia uso umelowa, sijui ni mvua au machozi, akaniambia, "Mwalimu, siwezi. Nikitembea, nawasikia wao." Niwaambieni ukweli. Niliwashindilia jambo lile tangu wana meno ya utoto, kila asubuhi, na sasa lilikuwa linaenda kumuua mwenzao.

Ndipo Adventina akafungua macho. Alinitafuta akaniona.

"Mwalimu," alisema, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki nyembamba sana, "wavuruge."

Nikaelewa. Sikuwa na muda hata wa kuona haya. Nilimwambia Novatus aimbe wimbo wa kanisani kwake, wowote, ule wa polepole kuliko zote, na asimsikilize mtu. Yeye ni Mlutheri. Justinian ni Mkatoliki, nikamwambia aimbe wa kwao wa maandamano, wa haraka. Aliyekuwa nyuma kushoto nikampa wimbo wa harusi. Wa nne alisema hajui kuimba, na ni kweli, shuleni nilikuwa namwambia afungue mdomo tu. Nikamwambia asali rozari kwa sauti, na atembee kwa kadiri ya rozari yake.

Waitu, ndugu zangu, sijawahi kusikia makelele ya namna ile. Salamu Maria inagongana na Walutheri, Walutheri wanagongana na bibi harusi. Siku nyingine ningecheka mpaka niumwe mbavu. Lakini miguu ikaachana. Mmoja anatua, mwingine anainua, mwingine yuko katikati, na machela ikatulia. Ikalala sawa. Niliweka kiganja changu ubavuni mwa mti nikatembea nayo, na kiganja hakikurushwa tena. Aliyechoka alitoka, aliyepokea aliingia na wimbo wake mwenyewe. Hata waliokuwa wanafuata nyuma walianza kuimba kila mtu wake, kwa kuogopa kumwambukiza mbebaji.

Sehemu ile ya njia naikumbuka kwa shida, kama mtu anavyokumbuka ndoto. Ukungu ulikuwa mweupe kote, sikuona migomba wala mbele, nilisikia nyimbo zote za maisha yangu zimechanganyika, za msibani, za shuleni, za Krismasi, na katikati yake uso wa Adventina umetulia, macho yamefumbwa. Mara mbili niliinama kusikiliza kama anapumua. Kwenye kijito waliinua machela mabegani, maji yakawafika mapajani, yana nguvu, na hakuna aliyeacha kuimba. Nilikuwa nashika blanketi na kumwomba Mungu kwa maneno ambayo hayako kwenye kitabu chochote cha sala.

Gari liliwachukua, Adventina, muuguzi na Novatus. Mlango ukafungwa. Sisi tukabaki kwenye lami tumesimama na machela tupu, tope mpaka kiunoni. Kurudi juu hakuna aliyeimba. Kila mtu alitembea kivyake.

Kutwa nzima nilikaa nje na simu mkononi. Mke wangu aliniletea chakula, akakiondoa. Jua lilipoanza kushuka Novatus akapiga.

"Wapo, Mwalimu," alisema.

"Wote?"

"Wote wawili. Mtoto mdogo sana, lakini analia. Ila kizazi wamekitoa."

Nililia pale nje, mtu mzima, kuku wananitazama. Nililia kwa furaha na kwa uchungu, sikujua wapi moja linaishia.

Basi, mlitaka kujua mchakamchaka ni nini. Mimi sasa nasema ni kuwa na mwenzako. Siku nyingi hilo maana yake ni kukanyaga naye. Siku nyingine ni kuachia hatua yake na kushika yako, ili asianguke aliyeko katikati yenu. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa sasa nikamwomba kila Ijumaa watoto wakimbie mstari mmoja lakini kila mmoja na wimbo wake. Aliniona nimeanza kuzeeka vibaya, akakubali ili niondoke ofisini. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, walicheka, wakagongana, wakaangukiana. Adventina alikuwa amekuja kutazama, mtoto mgongoni, akawa anajishika tumbo na kunisihi nisimchekeshe, mshono bado unauma. Ijumaa hizo nawaomba msizifute. Ni ngumu kufundisha kuliko siku nyingine zote, na mtaona watoto hodari ndio wanaoshindwa.

Mtoto ni wa kike, anaitwa Kemilembe. Sasa anatembea kwa kushika viti, na ameshaanza kupiga kelele. Atakapoanza darasa la kwanza mimi labda nitakuwa nimeshalazwa kibanjani karibu na wazee wangu, na sisemi hivyo ili mnihurumie, ndivyo mambo yalivyo. Nyinyi mtakuwepo, kama hamtakuwa mmeomba uhamisho. Asubuhi yake ya kwanza, mkitoka na watoto kwenye ukungu, mtamwona mwanamke amesimama kando ya barabara anajifanya anakata majani ya migomba. Msimwambie arudi nyumbani, wala msimkimbize sana yule mtoto. Hana mwingine.